Kobe ghorofa ya nne

Waswahili husema ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Ndani ya fleti ya Berlin au Minneapolis mwezi wa Januari, hita ikivuma na madirisha yamefungwa tangu Novemba, kobe aliyeinama hatungi kitu. Ana baridi, au ana kiu, au mwili wake umeanza kuiba kalsiamu kwenye mifupa kwa sababu miezi mitatu hajaota jua. Na kwa macho, kobe mzima na kobe mgonjwa wanafanana mno. Halii, hachechemei, hasusi chakula mpaka mambo yameshakwenda mrama. Kosa la leo unakuja kuonyeshwa na daktari mwakani, kwenye picha ya eksirei.

Ndiyo maana anayefuga kobe kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya kupanga anatakiwa kuwa na kizimba kilichokamilika na vipimo vya kumsemea kobe, kabla hajawa na kobe. Jenga, washa taa, acha kizimba kifanye kazi kikiwa kitupu kwa wiki nzima, rekebisha joto, halafu ndiyo uende kumchukua. Wengi huanzia mwisho: kobe leo, boksi la plastiki usiku huohuo, taa mshahara ukitoka.

Yupi anakaa fleti

Kwa nyumba isiyo na uwanja, anayefaa zaidi ni kobe wa Horsfield. Wengi humwita kobe wa Urusi, ingawa kwao ni nyika za Kazakhstan, Uzbekistan, Turkmenistan, Iran na Afghanistan. Mkubwa ana gamba la sentimita 15 hadi 20 na kitu, jike akimzidi dume. Amezoea kiangazi kikavu na baridi kali, na sehemu kubwa ya mwaka huishi shimoni. Wawili wa aina hii walizungushwa nyuma ya Mwezi na chombo cha Wasovieti, Zond 5, Septemba 1968, wakarudi hai, wamekonda kidogo tu. Hiyo isiwe sababu ya kumfungia kwenye ndoo.

Kobe wa Hermann naye anaenea kwenye fleti, ila Ulaya makaratasi yake ni makali zaidi. Usiyemtaka kabisa ni sulcata, kobe wa Sahel. Dukani anauzwa akiwa na ukubwa wa ndimu, bei poa, na baada ya miaka kumi na kitu unaishi na mnyama wa kilo 50 anayesukuma makabati. Kobe wetu wa madoa wa Afrika Mashariki pia hupita kilo 10 bila shida. Hawa wanataka shamba.

Makaratasi ni lazima. Kobe wote wa nchi kavu wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo muuzaji akuonyeshe hati ya kwamba huyu kazaliwa kizuizini. Marekani, kobe na kasa wenye gamba chini ya inchi 4 hawaruhusiwi kuuzwa kwa ajili ya kufugwa tangu 1975, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Kama uko Nairobi au Dar es Salaam na umemkuta kobe barabarani, mvushe upande aliokuwa anaelekea na umwache aende zake: kumweka ndani bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 na ile ya Tanzania ya 2009. Yule bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe ndiyo kabisa usimguse. Tangu 2019 yumo kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, na waliomfikisha huko ni wafugaji kama sisi.

Horsfield aliyekamatwa porini utamtambua kwa gamba lenye mikwaruzo ya zamani na kucha zilizolika. Hata huyo aliyezaliwa kizuizini, peleka kinyesi chake kwa daktari wiki ya kwanza kipimwe minyoo. Tafuta daktari wa reptilia mapema, maana wengi wa mbwa na paka watakupokea kwa adabu na watakuwa wanabahatisha.

Sanduku, na uzito ambao hakuna anayeutaja

Kipimo cha chini kwa kobe mmoja ni sentimita 120 kwa 60. Ukiweza 180 kwa 90, fanya hivyo. Sanduku la mbao, wazi juu, kuta zisizoonyesha nje. Tangi la kioo la samaki linavutia kwa sababu unamwona vizuri, lakini kobe haelewi kioo. Atakiparura toka asubuhi hadi jioni akitafuta njia, na hewa ndani yake inatuama. Kabati la vitabu lililolazwa chali ni rahisi na watu wengi hulitumia, ila lina kina cha sentimita 28 tu. Ukijaza udongo wa sentimita 15 umebakiwa na ukuta wa 13, na hapo kobe anatoka. Ongeza mbao mpaka ukuta uwe sentimita 40 juu ya udongo. Halafu nenda kwenye pembe. Horsfield hapandi ukuta ulionyooka, anapanda pembe: anabana mgongo upande mmoja, kucha upande wa pili, na kujisukuma juu kama fundi anayepanda kisima. Pigilia kipande cha ubao cha pembetatu juu ya kila pembe. Bila hivyo utamkuta chini sakafuni, kalalia mgongo.

Udongo ndio moyo wa kizimba, kwa sababu huyu ni mchimbaji. Asipoweza kujifukia huhangaika, na hukauka pia, maana shimoni ndiko anakohifadhi maji ya mwili. Lakini fleti ina sakafu yenye kikomo. Piga hesabu: 120 × 60 × 15 ni lita 108. Mchanganyiko wa udongo na mchanga, ukiwa na unyevu, una kilo moja na nusu kwa lita, kwa hiyo unaweka kilo 160 na zaidi kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu nyingi za makazi Ulaya hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita. Jengo halitaporomoka, ila kwenye nyumba kongwe ya boriti za mbao sakafu itabonyea, na wa chini ataona ufa kwenye dari yake kabla yako.

Dawa yake ni rahisi. Badala ya mchanga tumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, nusu kwa nusu na udongo. Ukiwa na unyevu, mchanganyiko huo una kama kilo moja kwa lita. Na kina kisiwe sawa kote. Theluthi moja ya sanduku iwe na sentimita 20, kwingine 7. Kwa sanduku la 120 kwa 60 hiyo ni lita 48 na lita 34, jumla kama kilo 82. Umepunguza uzito nusu na kobe bado ana pa kuchimba. Weka sanduku kandokando ya ukuta mnene, likikatiza boriti badala ya kulala juu ya boriti moja.

Udongo uwe wa bustani usiotiwa mbolea. Soma mfuko: ule wa maua ya ndani huwa na vijiwe vyeupe vyepesi, perlaiti, na kobe huvila akidhani ni chakula. Maranda ya mbao yenye harufu, mchanga wa rangi wa dukani, punje za majani makavu zinazoota ukungu zikilowa, achana navyo vyote. Ndani ya sanduku tandika turubai la bwawa, lipande ukutani kupita usawa wa udongo, ulibane kwa stepla juu tu. Bila turubai ubao utaoza, na maji yatamfikia jirani.

Unyevu unapimwa kwa ngumi. Kamata udongo wa chini, finya: ukishikana bila kutoa tone, umepata. Ukimwagika kama unga, mimina lita moja pembeni, ukutani, ili maji yashuke chini na juu pabaki pakavu. Juu pakiwa na tope muda wote, gamba la tumbo linaoza.

Vyombo vya ndani havina gharama. Chungu cha maua kilicholazwa na kufukiwa nusu upande wa baridi, hicho ni chumba cha kulala. Kisahani cha udongo cha kuwekea chungu ndicho bakuli la maji, kizikwe mpaka mdomo wake ulingane na udongo. Chini ya taa, jiwe moja bapa. Usirundike mawe hapo: kobe akipanda akapinduka chini ya taa ya nyuzi 35, saa chache zinatosha kumuua.

Jua la kununua

Kioo cha dirisha huzuia mionzi ya UVB karibu yote. Kobe aliyewekwa dirishani anapata joto na mwanga, lakini hapati kile kinachotengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu yote unayompa inapita tu. Gamba linalobonyea kwa kidole na taya laini kama mpira mara nyingi vinaanzia hapo.

Nunua tyubu ya UVB aina ya T5 HO, ile ya asilimia 10 hadi 12, pamoja na kioo chake cha kurudishia mwanga. Urefu uwe nusu hadi theluthi mbili ya sanduku. Iningʼinie kama sentimita 40 juu ya gamba, bila wavu kati, na usome maelezo ya mtengenezaji kwa sababu umbali hutofautiana. Ukipata pa kuazima kipimo cha fahirisi ya UV (UVI), sehemu ya kuotea isome kati ya 3 na 5. Balbu ndogo za kujikunja usizitegemee, mionzi yake haifiki mbali. Taa za LED za kawaida hazina UVB, hata zikiandikwa neno jua kwa herufi kubwa kiasi gani. Na kuna mtego mmoja: tyubu huendelea kuwaka vizuri huku UVB imekwisha. Andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kitako chake na uibadilishe baada ya miezi 12.

Joto linatoka kwenye balbu ya pili, halojeni yenye mwale mpana, wati 75 au 100, ikitazama chini wima. Ikae ubavuni mwa tyubu, mwisho uleule wa sanduku. Kobe hafuati UVB, anafuata joto. Ukizitenganisha taa hizi ataota moto upande mmoja na mionzi ikaangukia udongo mtupu upande mwingine. Mwale uwe mpana kufunika gamba zima. Mwale mwembamba huchoma uti wa gamba, tumbo likabaki baridi, na mnyama hakai hapo muda wa kutosha.

Lengo: nyuzi 32 hadi 35 kwenye jiwe, 20 hadi 22 upande wa pili. Pima jiwe lenyewe kwa kipimajoto cha kulenga, kile cha bastola, kwenye kimo cha mgongo wa kobe. Kipimajoto cha mviringo kinachogandishwa ukutani kinapima ukuta. Jiwe likizidi 35, pandisha taa tundu moja la mnyororo. Nasema mnyororo kwa makusudi: zile taa za kubana na kibanio hulegea, na balbu ya wati 100 ikidondokea makumbi makavu unaita zimamoto. Soketi iwe ya kauri, waya ufungwe kwenye mbao, na kingʼora cha moshi kiwepo chumbani.

Taima iwashe saa moja asubuhi na kuzima saa moja jioni. Usiku zima kila kitu. Sebule yenye nyuzi 16 hadi 18 inamtosha, na giza analihitaji. Taa nyekundu ya usiku na lile jiwe la umeme la kupasha tumbo ni biashara ya wauza duka. Kobe kazoea joto litokalo juu, na tumbo lake halihisi vizuri kuungua, kwa hiyo atalala hapo hapo mpaka gamba liive.

Bili? Balbu ya wati 100 na tyubu ya 39 kwa saa 12 ni uniti 1.67 kwa siku, kama 50 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kwenu kabla hujanunua.

Maji

Hita za Ulaya na Marekani hukausha hewa mpaka unyevu unashuka hadi asilimia 25. Horsfield mkubwa anastahimili hewa kavu ikiwa shimo lake lina unyevu. Mtoto hastahimili. Watafiti wa Vienna walionyesha mwaka 2003, kwa watoto wa sulcata, kwamba gamba kuota vichuguu kunatokana na ukavu zaidi ya wingi wa protini. Tangu hapo ushauri wa kale wa kumweka mtoto wa kobe mahali pakavu kama jangwa umepitwa na wakati. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe sanduku lililofunikwa sehemu kubwa, unyevu asilimia 60 hadi 80.

Kumlowesha ni dakika 15 hadi 20 kwenye beseni, maji vuguvugu ya nyuzi 28 hivi, yafike pale gamba la juu linapokutana na la chini na yasizidi, kichwa kiwe juu bila shida. Mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki, mtoto kila siku. Atakunywa, atajisaidia, na humo beseni ndimo unamosoma afya yake. Tafuta ute mweupe. Ukiwa laini kama dawa ya meno, sawa. Ukiwa na chembechembe kama mchanga, mnyama amekauka, na kinachofuata ni jiwe la kibofu. Beseni liwe lake peke yake, lioshwe chooni na kamwe si kwenye sinki la vyombo, mikono kwa sabuni. Salmonela hubebwa na kobe anayeonekana mzima kabisa, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumia.

Sahani

Magugu. Dandelioni, plantago, klova, majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforosadi, kipande cha mpungate kilichotolewa miiba. Kiangazi chuma mwenyewe mbali na barabara na mbwa, msimu wa baridi otesha mbegu kwenye trei dirishani. Kiasi ni rundo linalolingana na gamba lake, asubuhi akishapata joto.

Sisi tuna kishawishi chetu: mchicha. Upo friji, ni kijani, kobe anaupenda. Una oksalati nyingi zinazokamata kalsiamu isifike mwilini, sawa na spinachi. Jani moja moja halimdhuru, mboga ya kila siku itamdhuru. Sukuma wiki mara chache. Matunda hapana, tumbo lake halijaumbwa kwa sukari na huanza kuhara. Chakula cha mbwa ni marufuku. Kalsiamu kaboneti ya unga, isiyo na fosforasi, nyunyiza kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, na mwachie mfupa wa dome autafune akitaka.

Sakafuni na varandani

Kumwachia kobe atembee sebuleni kutwa ndilo kosa linalopendwa kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama huruma. Pima hewa ya sakafuni Januari: utakuta nyuzi 17 wakati wewe umekaa kwenye 22. Huko hakuna UVB, vigae vinateleza na kutegua miguu, nywele humviringa shingoni, na kila kitu kidogo chenye rangi hufika tumboni: pini, shanga, kipande cha plastiki. Robo saa ukiwa unamtazama, hewala. Zaidi ya hapo, ongeza ukubwa wa sanduku.

Varanda ni habari nyingine. Siku ya jua yenye nyuzi 18 na zaidi, saa mbili nje zinamfaa kuliko taa yoyote. Mtengenezee kizimba cha mbao huko pia, chenye udongo, kivuli nusu, na wavu juu kwa ajili ya kunguru. Sakafu ya zege inayopigwa na jua la mchana hupita nyuzi 45, kwa hiyo kipimajoto kitoke naye. Nafasi ya chini ya reli zibe kwa ubao wa sentimita 30 hata kama kizimba kinafungwa. Kobe aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne huzibwa gamba kwa resini kama ana bahati.

Na awe mmoja. Atachoka peke yake? Kobe si kuku. Wawili kwenye sanduku moja ni mmoja anayekula na mwingine anayejificha; madume huumana miguu, dume na jike ni usumbufu usiokwisha kwa jike.

Daftari

Nunua mizani ya jikoni, iwe ya kobe tu. Jumapili, kabla ya kuloweshwa na kabla ya kula, mpime na uandike: tarehe, gramu, joto la jiwe, amekula nini. Mfano 642, 648, 611, 645. Ile 611 si ugonjwa, alitoka kumwaga kibofu siku iliyotangulia. Lakini 642, 631, 619, 604, wiki nne mfululizo zikishuka, hiyo ni simu kwa daktari hata kama anatembea vizuri. Kamasi puani na mapovu, simu siku hiyohiyo. Macho yaliyovimba, vilevile.

Mwezi wa Oktoba atapoa hata ukiwa umeweka kila kitu sawa, kwa sababu anasoma urefu wa mchana dirishani. Mwaka wa kwanza usimlaze usingizi wa baridi. Ongeza taa zifike saa 13 au 14, mloweshe zaidi, mpitishe hivyo. Kumlaza kwenye friji ya nyuzi 4 hadi 6 kwa wiki nane au zaidi ni kazi ya mwaka wa pili au wa tatu, kwa kobe aliyepimwa na daktari na mwenye utumbo mtupu. Chini ya sifuri anapoteza macho, juu ya 10 anaamka na kuunguza akiba yake. Mtu akikutumia chati ya Jackson ya uzito na urefu, mshukuru tu: ilitengenezwa kwa kobe wa Hermann na wa Ugiriki, na Horsfield ana umbo la chapati.

Mkataba wa pango usome kabla ya yote hayo. Ukikataza wanyama, omba ruhusa kwa maandishi, kwa sababu huyu hukaa miaka 40 na kuendelea na wewe utahama mara ngapi humo.

Akishafika, jambo la kwanza atakalofanya ni kutoweka. Atazunguka kuta mara mbili tatu, atakwenda kwenye kina cha sentimita 20, na ndani ya saa moja hutaona kitu ila udongo uliotifuka. Siku tatu, pengine wiki. Usimfukue. Taa ziwake na kuzima kwa saa zake, majani mabichi yawekwe kila asubuhi na ya jana yatolewe, mlango wa chumba usibamizwe. Baada ya siku kama hizo utakuta kona moja ya plantago imekatwa nusu mwezi, safi kama kwa mkasi, na chini ya taa kobe mwenye vumbi usoni, miguu ya nyuma kainyoosha kabisa, kiganja kimetazama juu.